Arobaini ya Idara ya Maji

Nina mnyama mwenye vichwa vingi na mguu mmoja. Kila kichwa kina kiti chake na kikombe chake cha chai. Ukimwambia tembea, vichwa vyote vinakaa kwanza, vishauriane. Mnyama gani huyo?

Jongoo? Jongoo ana miguu mpaka ya kuazima. Uyoga? Uyoga haunywi chai. Haya, mmeshindwa, nipeni mji. Nipeni mji wowote, ila msinipe mji mkuu wa Jamhuri ya Tutaona, maana wakati wa habari hii haukuwa na hata maji ya kunawa mikono, na mimi nina wageni. Jibu ni idara ya serikali. Mguu ule mmoja ni yule mtu anayefanya kazi.

Sogeeni basi niwahadithie. Tutaona ni nchi ya mbali sana. Ukitaka kwenda, unapita kwanza nchi zote ambazo mambo yake ni mazuri, kama hii yetu, halafu unaendelea mbele tu mpaka uanze kukutana na vibao. Kwa hiyo asije mtu kuniuliza nilikuwa namsema nani. Simsemi mtu. Nasimulia, na uji uko jikoni.

*

Katika Tutaona palikuwa na Idara ya Maji. Ilikuwa na pampu moja, mwendesha pampu mmoja aitwaye Makungu, na juu ya Makungu wakubwa wa kutosha kujaza jengo la ghorofa. Asubuhi Makungu aliwasha pampu, pampu ikakohoa, ikatema kutu, kisha maji yakaja. Mchana yakaondoka. Watu walinung'unika kidogo, wakajaza ndoo zao, wakaenda zao.

Waziri wa Maji siku hizo alikuwa Mheshimiwa Sudi Mapande. Alikwenda nchi za nje kwenye mkutano wa mawaziri wa maji, akarudi uso umemshuka. Hata mizigo hakufungua. Akamwita Mkurugenzi wa Idara, Bwana Ngwali, mtu mnene mwenye miwani ya kamba.

"Bwana Ngwali, hii Idara yetu imeendelezwa?"

"Imeendelezwa vipi, mheshimiwa?"

"Kitaasisi."

Bwana Ngwali akatazama dari, kama vile jibu lilikuwa limeandikwa huko. "Bado, mheshimiwa. Kwa sasa inatoa maji tu."

"Maji tu!" Waziri akajishika kichwa. "Na mimi nimekaa meza moja na watu ambao idara zao zimeendelezwa, nikala nao kuku! Mmoja akaniuliza, yenu ina muundo gani? Nikamwambia ina bomba. Wakacheka wote!"

Basi akaitwa mtaalamu wa kuendeleza taasisi kutoka nchi nyingine. Aliitwa Daktari Anselmi. Sina ubaya naye. Alikuwa kijana wa watu, mpole, anamsalimia kila mtu mpaka mlinzi wa getini, na alikuja na masanduku mawili: moja la nguo na moja la kalamu nene za rangi.

*

Semina ilifanyika katika hoteli nzuri yenye kisima chake, kwa sababu wakubwa wa Idara walijua fika kwamba mahali pengine maji hayana uhakika. Watumishi wote walikwenda, na Makungu naye, kwa kuwa Daktari alisisitiza kwamba katika taasisi hakuna mdogo. Kwenye mlango wa pampu likabandikwa tangazo: IDARA IMEFUNGWA KWA MUDA ILI IWAHUDUMIE VIZURI ZAIDI.

Kwanza wakafundishwa kurushiana mpira huku kila mmoja akitaja jina lake, ijapokuwa walikuwa wamefanya kazi pamoja tangu Bwana Ngwali ana nywele. Kisha Daktari akatundika karatasi kubwa ukutani, akauliza swali lake.

"Idara yenu ipo kwa ajili gani?"

Wakagawanyika vikundi. Kikundi cha wahasibu kikajibu kwamba Idara ipo kwa ajili ya bajeti yake. Kikundi cha madereva kikasema ipo kwa ajili ya magari. Kikundi cha wakubwa kikakaa muda mrefu kuliko vyote, kikaagiza chai tena, kikaja na jibu kwamba Idara ipo kwa ajili ya kuhakikisha uwepo wake unaendelea kuwepo.

Makungu akainua mkono. "Maji?"

"Vizuri sana!" Daktari akafurahi kweli. "Huo ni mwanzo mzuri. Tuchimbe zaidi."

"Maji ni jambo la Makungu," akasema Bwana Ngwali. "Hapa tunatafuta jambo la Idara."

Makungu akaomba radhi. Mpaka jioni alikuwa ameshajifunza kusema "uendelevu", akalisema mara kadhaa, na kila akilisema anapigiwa makofi. Alipendeza. Wakampa na cheo, Afisa Mwandamizi wa Mzunguko, na tangu hapo ukimwita Makungu haitiki mpaka umalize cheo chote.

Mwisho wakapata Dira ya Idara, ikaandikwa kwenye ubao mpana kama mlango wa kanisa: KUWA IDARA INAYOONEWA WIVU NA IDARA NYINGINE ZOTE IFIKAPO BAADAYE.

Kitendawili kingine. Nguo yangu nzuri nimeivalisha ukuta, mwenyewe nimebaki uchi. Mnaona sasa, mmeanza kujua. Ni hiyo hiyo Dira.

*

Siku ya mwisho ya semina Daktari Anselmi akaleta sanduku dogo la mbao, kama la kuwekea viatu.

"Ndugu zangu," akasema, "taasisi mpya haianzi vizuri kama ya zamani haijaagwa. Kila mmoja aandike kwenye karatasi tabia moja ya Idara ya zamani. Tunatia humu, tunafukia hapo bustanini, tunapiga makofi. Ni zoezi dogo la kuizika Idara ya zamani. Kwetu mtu hamalizi hata soda, limekwisha."

Kalamu zikawekwa chini.

"Tunaizika?" akauliza Bwana Ngwali.

"Tunaizika."

"Leo?"

"Sasa hivi, kabla ya chai."

Bwana Ngwali akavua miwani yake. "Daktari, samahani. Huko kwenu mtu anazikwa kabla ndugu zake hawajafika?"

Nataka mwelewe, wajukuu zangu, hapo ndipo Daktari alipokosea, na si kosa lake, hakuna aliyemwambia. Watu wa Tutaona huchelewa kila kitu. Gwaride huchelewa. Treni huchelewa. Mshahara huchelewa mpaka watu wanausahau sura. Lakini msiba hawauchelewi, wala hawaufupishi. Ukitaja kuzika mbele ya Mtutaona, umeshamwaga maji, huyazoi tena.

Kabla chai haijapoa, turubai lilikuwa limeshafungwa mbele ya ofisi za Idara. Mikeka ikaja, masufuria yakaja, kuni zikaja, na hakuna aliyejua nani alituma nini. Redio ikakatiza taarabu: "Tunasikitika kutangaza kifo cha Idara ya Maji, kilichotokea hotelini wakati wa semina." Idara ya Umwagiliaji, mdogo wake marehemu, ikaja na watumishi wake wote wanalia. Idara ya Barabara, ambayo ilikuwa haisemezani na marehemu kwa sababu ya mitaro, ikaja pia, ikasema imesamehe yote.

Sanduku likazikwa mbele ya umma. Waziri Mapande akatoa hotuba.

"Ndugu wananchi! Marehemu alikuwa mtu wa watu. Alizaliwa na sheria, akalelewa na bajeti, akasomeshwa na semina. Aliugua kwa muda mrefu, na katika ugonjwa wake wote hakuwahi kulalamika, wala hakuwahi kusikiliza wanaolalamika. Ameondoka akiwa ameanza tu kuendelezwa. Nani kati yetu asiyetamani kufa akiwa anaendelezwa?"

Wanawake wakaangua kilio. Makungu akavua buti zake, akafunga pampu kwa kufuli, kwa sababu nyumba ya marehemu haifanyiwi kazi kabla ya arobaini.

Daktari Anselmi akawa anazunguka kati ya mikeka. "Lakini ni zoezi! Jamani, lilikuwa zoezi!"

Bi Shemsa akamshika mkono akamkalisha. Huyu Bi Shemsa ndiye aliyekuwa akishika mwiko katika kila msiba wa mji ule, mama wa maneno machache, na mwiko wake mrefu kama kasia.

"Pole, mwanangu. Wewe ndiye uliyekuwa naye dakika za mwisho. Alisema nini?"

"Hakusema kitu, mama! Ni idara!"

"Alikufa kimya," Bi Shemsa akawaambia wenzake. "Maskini." Nao wakaanza upya kulia.

*

Sasa, wakati mji mzima unalia, upande wa pili alikuwepo mtu mmoja mwenye sababu ya kulia kweli. Huyo ni Bi Kidawa, dobi.

Yapasa mjue habari ya suti. Tutaona wana sera ya kubana matumizi: kila waziri ana magari anayoyataka, lakini suti ya Taifa anayo moja tu, nyeupe, yenye vifungo vya dhahabu. Na sheria yao inasema waziri hasimami mbele ya wananchi akiwa na vazi jingine lolote, ila akifiwa. Akifiwa anaruhusiwa kukaa na nguo za nyumbani mpaka tanga lianuliwe, na kulianua lenyewe lazima asimame na suti.

Kwa sababu Waziri Mapande alitaka uzinduzi wa Idara mpya uwe wa kung'aa, suti zote za Baraza la Mawaziri, na ya Rais juu yake, zilipelekwa kwa Bi Kidawa. Naye asubuhi ile ile ya mazishi alikuwa ameziloweka, kwa sabuni ya magadi, ile kali isiyocheza na mtu, akijua kwamba semina inakwisha na jioni maji yanarudi. Sabuni ya magadi usipoisuuza inaanza na uchafu, ikimaliza uchafu inakula vifungo, ikimaliza vifungo inakula kitambaa.

Mlangoni kwake palikuwa na kibao: DOBI WA TAIFA. Kibao kile ndicho kilichokuwa kinapika chungu chake. Na palikuwa na mtu anakitolea macho: shemeji yake Waziri, aliyenunua mashine ya kufulia kutoka nje, mashine kubwa, inapiga na muziki, ila ilikuwa haijawahi kufua hata leso. Alikuwa anapita pita tu.

"Shikamoo, Bi Kidawa. Zinaendeleaje?"

"Marahaba. Zinaendelea."

"Naona povu limekuwa la kijani."

"Pita njia yako."

*

Bi Kidawa akajifunga kanga, akaenda msibani. Akamkuta Bwana Ngwali mkekani, anapokea pole.

"Pole kwa msiba, baba."

"Ahsante, mama, tumeshapoa. Kaa, ule ubwabwa."

"Sikuja kula. Nataka maji ya kusuuzia."

Bwana Ngwali akashusha sauti. "Unamdai marehemu?"

"Simdai marehemu! Nadai maji!"

"Wenye madai na marehemu wataitwa siku ya arobaini. Hivi sasa ukidai, watu watakuona huna utu."

Akamwendea Daktari Anselmi, ambaye alikuwa amekalishwa karibu na masufuria ili asijidhuru kwa huzuni.

"Wewe ndiye uliyeua?"

"Mama, mimi sijaua mtu. Nataka kwenda kwetu. Wananiambia mtu aliyekuwa na marehemu mwisho haondoki kabla ya arobaini. Nina semina nyingine Jumatatu!"

"Na mimi nina suti za serikali zinaliwa na sabuni. Inuka, twende kwa Waziri. Wewe useme kwa kisomo, mimi niseme kwa kelele."

Mheshimiwa Sudi Mapande alikuwa kwenye mkeka wa wafiwa pamoja na mawaziri wenzake, na wote, kwa kuwa suti zao ziko sabunini, walikuwa wamevaa kanga za wake zao. Ya Mheshimiwa ilikuwa ya manjano, na mgongoni imeandikwa NIACHE NIPUMUE.

Daktari akaanza kwa adabu. "Mheshimiwa, katika utaratibu wetu, taasisi ya zamani inapoondoka, mpya inazaliwa saa hiyo hiyo. Kwa maana hiyo Idara mpya ipo. Imeshazaliwa. Inaweza kuanza kazi leo."

Mawaziri wakatazamana. Uso wa Mheshimiwa Mapande ukachangamka.

"Imeshazaliwa?"

"Imezaliwa!"

"Hongera zetu basi! Mbona hukusema? Mtoto hajambo?"

"Hajambo," akasema Daktari, ameona mlango umefunguka. "Kwa hiyo awashe pampu."

"Daktari!" Waziri akashtuka mpaka kanga ikamteleza. "Mtoto mchanga? Mtoto mchanga anatolewa nje kabla ya arobaini? Apigwe na upepo? Tena umtume maji?"

"Nani anamtuma kichanga maji?" mawaziri wakaulizana. "Hawa watu wa nje wana roho ngumu."

Bi Kidawa akataka kupiga kelele zake, lakini akaona hakuna pa kuzianzia. Akamtazama Daktari. "Kumbe ulikuwa na arobaini moja. Sasa umezifanya mbili."

*

Hiki ni cha mwisho, nisiwachoshe. Jeshi langu halina jemadari, halina mshahara, na halijawahi kushindwa na kazi. Msiseme siafu. Ni wanawake wa jikoni msibani.

Siku zile zile za mwanzo Bi Shemsa alitazama pipa lake la maji, akaona chini. Watu wamejaa uwanja mzima, mchele haujaoshwa, wazee hawana maji ya udhu. Hakuandika barua. Alimwita Makungu.

"Makungu."

Makungu akakaa kimya, anasubiri cheo.

"Makungu, watoto wa watu wana njaa. Fungua pampu."

"Bi mkubwa, ofisi ina msiba, kazi haifanywi."

"Nani kasema kazi? Hii ni huduma ya msiba."

Makungu akafikiri, hakuona kipengele kinachokataza. Na kweli, huduma ya msiba haiombewi saini wala haisubiri kikao. Akawasha pampu. Ikakohoa, ikatema kutu, maji yakaja. Asubuhi yakawepo. Mchana Makungu akataka kuzima kama alivyozoea. Bi Shemsa akamwonyesha mwiko, maji yakaendelea kuwepo.

Bi Kidawa aliposikia, hakungoja. Akaja na makarai yake kwenye mkokoteni, povu linamwagika njia nzima. Bi Shemsa akasimama mbele ya bomba.

"Kidawa, maji ya msiba si ya biashara."

"Hizi nguo ni za nani?"

"Za serikali."

"Serikali ndiyo iliyofiwa. Mfiwa unampa wali, unampa chai, unampa mkeka. Nguo yake ioze? Hebu watazame pale."

Bi Shemsa akageuka. Baraza la Mawaziri lilikuwa limejipanga mkekani, Waziri wa Ulinzi anavuta kanga yake ya maua ifike magotini. Bi Shemsa hakuwahi kucheka msibani maisha yake yote. Siku ile alijifunika uso kwa ushungi, mabega yakatetemeka, watu wakadhani anamlilia marehemu.

"Suuza," akasema alipopata pumzi. "Suuza kabla sijafa na mimi."

Bi Kidawa akasuuza. Vifungo vingine vilikuwa vimeanza kulegea, lakini kitambaa kilikuwa salama. Kibao chake nacho kilikuwa salama. Yule shemeji alipita, akaangalia, akaenda zake anapiga mluzi usio na wimbo.

*

Habari ikaenea. Mtu anakuja msibani na ndoo, anasema "poleni", anajibiwa "tumeshapoa", anajaza, anaondoka. Wa mitaa ya juu wakaja, ambao maji walikuwa wanayaona kwenye picha za kampeni tu. Wanawake wa Bi Shemsa wakapanga foleni: wajawazito mbele, wazee nyuma yao, wenye ndoo mbili wakajaza moja wakarudi nyuma ya mstari. Bomba likivuja, fundi aliyekuja kuhani msiba anatengeneza kabla hajakaa. Haijapata kutokea Tutaona idara iliyo hai ikahudumia watu namna ile.

Daktari Anselmi alikuwa amepewa kitunguu amenye, ili asikae bure. Alimenya, huku anatazama. Siku moja akamuuliza Bi Shemsa.

"Mama, nani mkurugenzi wa shughuli hii?"

"Mkurugenzi wa nini? Msiba?"

"Nani aliwapangia kazi? Mlikaa semina wapi?"

"Mwanangu, mtu amefiwa. Unataka semina ya nini? Menya vitunguu, unavikata vikubwa."

Daktari akavikata vidogo. Siku iliyofuata akapandishwa kwenye wali. Ile Jumatatu yake ilipita, ikapita na nyingine, na hakuna aliyemsikia tena akiuliza habari za ndege.

*

Arobaini ikakaribia. Siku ya kuamkia shughuli, asubuhi, Bi Kidawa alikuwa amemaliza. Suti zote zimetiwa wanga, zimepigwa pasi, zimekunjwa, zimepangwa moja juu ya nyingine mezani karibu na bomba, nyeupe mpaka zinaumiza macho. Foleni ya ndoo ilikuwa imefika barabarani.

Akaja Mheshimiwa Mapande na kanga yake, shemeji yake nyuma, Bwana Ngwali nyuma ya shemeji. Mheshimiwa akapanda juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Ndugu wananchi! Kesho tunaanua tanga, na saa hiyo hiyo tunazindua Idara mpya! Huduma hii ya kienyeji mliyoizoea itakoma mara moja, na mahali pake patakuja huduma iliyoendelezwa! Na ili tuanze kwa nguvu, Idara yote, kuanzia Mkurugenzi mpaka Afisa Mwandamizi wa Mzunguko, kesho kutwa inakwenda semina ya pili! Hoteli ile ile, mwezi mzima!"

Makungu akapiga makofi. Alikuwa peke yake.

Mama mmoja wa mitaa ya juu akaitua ndoo yake chini, akaikalia.

"Bi Kidawa," akasema Mheshimiwa, anashuka, "naona kazi yako nzuri. Kibao ni chako, na watoto wako watakirithi. Lete."

Bi Kidawa akazibeba suti zote mikononi. Nzito, mpaka kidevu kimezama ndani. Alikuwa amezililia nguo zile. Alikuwa tayari hata kugombana na marehemu kwa ajili yake. Akamtazama Waziri amekunjua mikono, na nyuma yake akaona ndoo, na ndoo, na ndoo, na watu wanaomtazama yeye. Na sheria yao aliijua, kila dobi wa Taifa anaijua: bila suti hakuna waziri anayesimama mbele ya wananchi, na asiposimama waziri hakuna anayeanua tanga la serikali.

Akainamisha pua, akanusa kola ya juu.

"Mh."

"Mh nini?"

"Bado ina sabuni, baba."

"Sabuni wapi? Inang'aa!"

"Ya ndani kwa ndani. Itakuwasha." Na hapo hapo akazitumbukiza zote kwenye karai, chubwi, wanga na pasi na vifungo vya dhahabu. Maji yakamrukia Mheshimiwa mpaka kwenye NIACHE NIPUMUE.

"Mama! Kesho ni arobaini!"

"Arobaini itangoja. Mtu hapelekwi mbele ya watu na nguo ina povu, mimi ni Dobi wa Taifa, nitaficha wapi uso? Njoo wiki ijayo nikuangalizie."

Shemeji akarukia. "Mimi nina mashine! Inasuuza na kukausha!"

"Naijua, mwanangu, ile inayoimba," akasema Bi Kidawa kwa upole. "Inasuuza kwa maji gani?"

Shemeji akalitazama bomba. Mbele ya bomba alikuwa amesimama Bi Shemsa, na mwiko.

"Maji ya msiba si ya biashara," akasema Bi Shemsa.

Waziri akageuka huku na huku. "Bwana Ngwali!" Bwana Ngwali akavua miwani akaifuta, ikawa chafu sana ghafla. "Daktari Anselmi! Wewe ni mtaalamu, tumekuleta kwa gharama, sema kitu!"

Daktari alikuwa ameinamia sufuria, amefunga leso kichwani, anageuza wali. Hakuinua macho.

"Mheshimiwa, niache. Mimi ni mfiwa."

Mheshimiwa Sudi Mapande akasimama kidogo, maji yanamchuruzika. Kisha akajifunga kanga yake vizuri, akarudi mkekani kwa wenzake, wakamsogezea nafasi. Mtu akampa chai. Mama wa mitaa ya juu akainuka juu ya ndoo yake.

Bi Kidawa akapandisha mikono ya gauni mpaka kwenye viwiko.

"Makungu," akaita, "ongeza maji."

Naye Makungu, bila kusubiri cheo, akaenda akafungua mpaka mwisho.